Wimbo wa Mzungu na Mwendo wa Lenah

Jericho, Nairobi
5 Oktoba 2024

Kwa Baba,

Salamu nyingi kutoka kwa wanao. Magoti yameacha kukusumbua? Ng'ombe je? Sisi tuko wazima, na mimi nazidi kupendeza, Mideva jirani atakuthibitishia. Nimempa barua hii akileta mizigo huko nyumbani, maana simu yako umeizima tangu tumzike Mama, na mimi si mtu wa kuongea na ukuta.

Harusi ya binti yako Lenah ni tarehe saba Desemba. Anataka kuingia kanisani na ule wimbo wa opera wenu, wewe na Mama, ule wa Mwitaliano anayelia kwenye kanda. Jana nikauweka. Ng'ang'a, bwana harusi wetu, akasikiliza kidogo akaniuliza, "Wekulo, nani amekufa?" Lenah akamrushia mwiko.

Lakini unajua ulizaa fundi. Nilifungua ile redio kaseti, nikakuta nyuma ya mota kuna skrubu ya mwendo, imezungushwa upande wa polepole. Nikairudisha na bisibisi. Mzee, wimbo uliamka! Mwendo ukawa wa mbio na sauti ikapanda. Mwalimu Jacky wa kwaya anasema doh, ile sauti ya kuanzia, ilikuwa D na sasa ni F, vile inavyotakiwa. Kumbe yule jamaa halii, anafurahi! Miaka yote hii mashine mbovu imetudanganya, mpaka nilipokuja kuwaokoa.

Njoo umshike Lenah mkono. Usipokuja atashikwa na Ami Opicho, na yeye hutembea kama mbuzi wa machinjio ya Kiamaiko anayejua anakopelekwa.

Ni mimi mwanao mwenye akili,
Wekulo


Nyumbani
19 Oktoba

Wekulo mwanangu,

Mimi mzima. Magoti ni ya umri. Ng'ombe amezaa.

Mashine haikuwa mbovu. Rudisha hiyo skrubu ulipoikuta, usiiguse tena. Opicho amshike Lenah mkono. Mimi siji.

Baba yako


Jericho
27 Oktoba

Kwa Baba,

Hongera kwa ndama. Kama ni dume, mpe jina langu.

Barua yako ilikuwa fupi kuliko ya kufukuzwa kazi. Nimejaribu kurudisha, Baba. Nikigusa kidogo, mzungu anakimbia. Nikizidisha, analewa. Lenah anasema, "Hapo hapo!" Mimi nasema bado, tunagombana mpaka jirani anagonga ukuta. Pale mahali pamepotea. Sikuweka alama, fundi mzima!

Ila niliona kitu. Rangi iliyoziba ile skrubu ilikwanguliwa zamani. Kuna mtu aliigusa kabla yangu. Ni nani?

Mwanao,
Wekulo


Nyumbani
10 Novemba

Wekulo mwanangu,

Huku kwema, mvua imepungua. Ndama ni jike, amelikwepa jina lako.

Niliigusa mimi. Mama yako aliipenda ile sauti, akawa ananiambia, "Imba naye, Wasike." Lakini yule mtu alipanda mahali mimi sifiki. Nikamshusha mpaka akakaa na mimi. Nilipozeeka nikamshusha tena. Kisha Mama yako akaanza kuugua. Alitaka kuimba nasi na hakuweza kukimbizana, kifua kilimkataza. Nikapunguza mwendo ili apate kupumua kati ya neno na neno, hayo maneno yenyewe ambayo hatukujua maana yake. Kila alipochoka zaidi, nilipunguza zaidi. Pale ulipoikuta ile skrubu ndipo pumzi yake ilipofika.

Sikulaumu, hukujua. Lakini nikisikia wimbo ule ukikimbia kanisani, itakuwa kama tumemwacha nyuma. Mwambie Lenah nimembariki nikiwa huku.

Baba yako


Jericho
17 Novemba

Baba,

Natumaini wewe uko salama. Mimi sijielewi. Nilisoma barua yako nikakaa chini kando ya redio, nikaogopa hata kuifuta vumbi. Mimi nilidhani natengeneza mota.

Lenah naye ameisoma. Alienda kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Aliporudi akasema, "Mwandikie Baba. Sitaki mwendo wa mzungu, na sitaki mwendo wa ugonjwa wa Mama. Opicho nimemkataa. Nitasimama mlangoni mpaka Baba afike. Padri akichoka, aende nyumbani."

Na unamjua. Hicho kichwa kigumu alikirithi kwako.

Mwanao,
Wekulo


Jericho
14 Desemba

Mzee wangu,

Ulifika salama? Viatu viliacha malengelenge? Hukutuandikia kwamba unakuja, ukatokea tu mlangoni mwa kanisa na koti linalokubana, Lenah akasahau kulia vizuri kwa ajili ya picha.

Sasa nikwambie kitu. Watu wanasema wimbo ulikatika kwa sababu stima ilipotea. Mwalimu Jacky anasema ni Mungu. Usiwasikilize, ni mimi. Nilikuwa nimeiweka ile skrubu katikati, nikidhani nimeridhisha kila mtu. Mkaanza kutembea, na yule jamaa akaimba mwendo wake, hatazami mtu. Wewe ulitaka kwenda polepole, nikaona midomo yako inamngoja Mama. Lenah naye alishamwona Ng'ang'a kule mbele akitokwa na jasho, akawa na haraka. Akakuvuta. Ukajikwaa, ukacheka. Baba, sikuwa nimekusikia ukicheka tangu tumzike Mama. Nikabonyeza, nikamzima mzungu.

Nawe ukaendelea kuimba peke yako. Mara unakimbia, mara unangoja, ukifuata vile Lenah alivyokuwa akikanyaga. Mama angekukosoa, lakini angekuwa anatabasamu.

Mwalimu Jacky hanipi nafasi. Anataka kuambiwa mliimba kwa doh gani na mwendo gani, aufundishe kwaya. Nimemwambia mimi ni fundi, najua kila kitu, lakini hilo akaulize viatu vya Lenah.

Ni mimi mwanao,
Wekulo