Sauti ya Pampu Namba Tatu

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mkaza mjomba. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio umekunjamana.

Bodi ya wahandisi imenikatalia usajili. Unajua miaka saba niko hapa kwenye mtambo wa maji: mchoro nauchora mimi, saini anaweka mwingine. Daftari langu la mafunzo endelevu lilikuwa limejaa, semina kumi na mbili, vyeti kumi na viwili, vyote na mihuri. Mama mmoja wa bodi akavipekua kama anachambua mchele, akaniuliza swali moja tu: "Katika haya yote, lipi limebadilisha unavyofanya kazi?" Mjomba, nilimsomea majina ya semina tu. Nusu ya zile semina nilikuwa nasubiri chai.

Nimeambiwa nirudi Agosti. Nikishindwa tena, nafasi ya mkuu wa mitambo anapewa mwingine, na mimi nitabaki kuchora kwa jina la watu. Nimekupigia simu mara nne hupokei.

Mpwa wako


18 Februari

Mpwa wangu, Bibi Bolti,

Marahaba. Sisi wazima, goti tu ndilo linanikumbusha umri. Simu yangu inakwaruza, achana nayo. Wewe niandikie.

Huyo mama wa bodi usimnunie, amekuuliza swali la maana. Mimi nimefungua na kufunga pampu miaka thelathini na moja. Cheti changu cha pekee kililiwa na mchwa, na hakuna pampu iliyowahi kukiulizia.

Sasa fanya hivi. Kila asubuhi, kabla hujawasha hiyo kompyuta yako, chukua bisibisi ndefu. Ncha iguse nyumba ya beringi, kile chuma kinachofunika gololi za shafti, mpini uubane kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Nywele funga, shafti inayozunguka ikae mbali nawe. Sikiliza pampu moja moja, kisha uniandikie. Usije ukaniandikia "inapiga kelele". Kelele ya nani, anafanya nini? Nataka niisikie nikiwa nimekaa hapa kwenye kiti changu.

Mjomba wako


25 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na pole na goti. Mimi sijambo, ila kazini wameshanibatiza jina, wananiita Daktari. Nikipita na bisibisi wanakohoa na kunionyesha vifua.

Namba moja ni mzee aliyeshiba, anakoroma taratibu. Namba mbili ni cherehani ya fundi mwenye haraka. Namba tatu ni kama zingine tu.

Mpwa wako


6 Aprili

Bibi Bolti,

Marahaba. Huku hatujambo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mzee nimemsikia, na fundi wa cherehani nimemsikia, nimecheka mwenyewe hadi mkaza mjomba wako akatoka jikoni kuja kuniangalia.

Namba tatu hujaniambia kitu. "Kama zingine" si sauti, huo ni uvivu. Rudi.

Mjomba wako


12 Juni

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mkoje huko? Mimi leo sijambo kupita siku zote.

Namba tatu inatafuna mchanga. Siku ya kwanza nilidhani nawaza tu. Wiki nzima nikaurudia, mchanga ni ule ule, mkavu, chini kabisa ya mngurumo. Nikamwambia mkuu wangu, akasema joto la beringi liko sawa, nisimsumbue. Nikaona kubishana kwa masikio hakutanifikisha popote, nikajiandikisha kozi ya kupima mtetemo. Safari hii sikusubiri chai. Nilikaa mbele, nikauliza mpaka mwalimu akaomba tupumzike. Kisha nikaazima kipimo chake, nikakiweka pale pale ninapowekaga bisibisi. Mstari kwenye kioo ukatoa meno.

Pampu tukaisimamisha siku tuliyoichagua wenyewe. Kufungua hivi, gololi za beringi zimeliwa, zina vishimo. Ingekatika yenyewe, nusu ya mji ingekosa maji, hospitali ikiwemo. Mkuu amenipa mkono mbele ya wote waliokuwa wanakohoa. Nimeenda stoo nikalia kwa furaha.

Mpwa wako


3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya Juni hukuijibu, wala ya Julai. Nilianza kuwa na hofu.

Nimepita. Mama yule yule, swali lile lile. Nilimfungulia daftari kwenye ukurasa wa pampu namba tatu. Penye jina la mwalimu niliandika: mjomba wangu, fundi pampu. Akasoma, akavua miwani, akaniambia salamu zikufikie.

Nikakupigia nikiwa bado kwenye ngazi za bodi. Alipokea mkaza mjomba. Nikamwambia nipe mjomba nimpe habari mwenyewe. Akaniambia husikii tena. Sikio la kulia lilikufa siku nyingi, na la kushoto likamalizikia mwaka jana.

Mjomba, nimeona aibu. Nasikia gololi ndani ya chuma, wewe sikukusikia. Jumamosi nakuja, nimekuazimia kipimo cha mtetemo ukae nacho kwa muda.

Mpwa wako


23 Septemba

Mpwa wangu, Mhandisi,

Marahaba, na asante kwa kuja. Nyumba imepoa tangu uondoke.

Siku ulipokuja sikukueleza kwa nini barua zako sikuzijibu, maana kuandika kwenye karatasi huku unaniangalia kulinishinda. Barua ya Juni ilinimaliza. Ule mchanga niliusikia, mwanangu, na nilikuwa sijasikia pampu mwaka mzima. Ningekujibu ningeyasema yote, nawe ungeenda bodi na mawazo. Vizibo vya masikio vilikuwepo kazini, vimetundikwa kwenye msumari. Nikavikataa, nikisema vitanizuia kuisikia mashine. Hilo liandike kwenye daftari lako, na watu wako wavae.

Kile kipimo ulichoniachia nakiweka kila asubuhi kwenye pampu ya kisima chetu hapa nyumbani. Mkono juu ya chuma, macho kwenye mstari. Jana meno mawili madogo yalitokea, nikakaza bolti inayoishika pampu kwenye msingi, yakapotea. Nimefurahi sana.

Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza: tarehe, somo ni kusoma mtetemo kwa macho, mwalimu ni mpwa wangu. Penye saini ya mwalimu pako wazi. Sasa unayo saini yako mwenyewe, njoo uiweke.

Mjomba wako