Masikio ya Kaka Yako

Wifi yangu,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba familia yetu sasa inamiliki kiti cha kukunja. Tumekinunua kwa ajili ya korido ya ofisi ya mafao ya wanajeshi walioumia vitani, maana mabenchi yao yamechoka kutuzidi sisi.

Kaka yako hajambo. Bomu lilimwondolea usikivu, ubishi likamwachia. Huu ni mwaka wa saba wanachunguza kama kweli ni kiziwi. Kule koridoni hatulii: anakaa, anasimama, anahesabu vigae. Mimi ndiye masikio yake. Jina lake likiitwa, namgusa bega.

Jumanne, baada ya saa nne za kungoja, nikaenda chooni. Dakika tano tu, wifi, na usinikunjie uso. Niliporudi akaniuliza kwa sauti ya gwaride, "Mbona leo hawaiti watu?"

Nikakimbilia dirishani. Kaka yako nimemwandikia kiganjani kwamba tumeahirishiwa, naye ameamini. Ukweli ni kwamba karani alishaandika, "Ameitwa mara tatu, hakuitika," akalifunga faili.

Ni mimi,
Wifi yako