Ukizipoteza, Gusa Hereni

Jumatatu, 3 Machi

Mazoezi sebuleni. Mdogo wangu na karata zake, mtoto mgongoni, mimi na radio. Nimeipandisha hadi jirani akagonga ukuta. Nafunua karata mbili mbili huku namuuliza bei ya sabuni, mwaka aliozaliwa mama, jina la mwalimu aliyekuwa akimchapa. Kazi yake ni moja tu. Ndogo, kuanzia mbili mpaka sita, ongeza moja. Kumi, picha na ree, punguza moja. Saba, nane, tisa ziache zipite. Hata mbuzi angeweza! Hesabu ikipanda, kubwa bado zimo kwenye kasha la kugawia karata, na hapo ndipo tunamwita mumewe aje aweke pesa nzito. Yeye hesabu haijui. Anajua kuweka tu.

Mara ya nne mdogo wangu akasema saba. Ilikuwa nne. Nikamwambia anza upya. Akaanza kulia.

Shemeji akatoka jikoni na chupa ya maziwa — nimwonee mkewe huruma, mtoto ana homa, hawajalala. Nikamuuliza kama kasino huwa inawapima watoto homa. Akarudi jikoni. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Na hizi ni pesa za kiwanja chao, walichouza kwa sababu mimi niliwaambia mchezo wa ishirini na moja unashindika. Unashindika! Ila kwa mtu mwenye nidhamu.

Sheria yangu wanaijua. Ukizipoteza hesabu, gusa hereni, inuka, toka. Hakuna kuona haya. Hakuna kubahatisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kasino, mchana. Mle ndani hakuna dirisha wala saa ya ukutani. Tunapokezana: kasha moja anakaa yeye na vijisenti vyake, kasha linalofuata nakaa mimi, anayepumzika anakunywa soda kwenye kochi na kufumba macho. Shemeji anazurura kwenye mashine. Tukishika nywele, anakuja.

Zamu ya pili ya mdogo wangu — hereni! Kagusa, kainuka, katoka. Shemeji alikuwa hata hajasogea. Hatukupoteza kitu.

Nikamfuata chooni. Akasema, "Dada, zimenitoka. Sikumbuki hata moja." Alifanya nilivyomfundisha, bila kukosea hatua. Nami nikamwambia, mbele ya mama mfagiaji, kwamba mama alimaliza akili zote kwangu, yeye akaambulia makombo. Mfagiaji akacheka. Mdogo wangu akanawa uso taratibu. "Si ulisema hakuna kuona haya?"

Nikamjibu, hiyo ni kwa wanaoweza kazi.

Nimemtoa. Abaki nyumbani alee. Zamu zake nitakaa mimi. Na nimejisikia vizuri, nisijidanganye.

Ijumaa, 7 Machi

(Nilianza kwa kuandika Jumamosi. Nimefuta.)

Kutwa mezani peke yangu. Hakuna wa kunipokea. Macho kama yametiwa mchanga. Dukani nimerudishiwa noti ndogo tatu, kichwa kikasema ongeza tatu. Watoto wa shule wanavuka barabara — ongeza, ongeza. Bibi mmoja mnene na mwavuli — punguza. Nikacheka peke yangu, watu wakasogea pembeni.

Shemeji anauliza kama mkewe arudi, japo nipumzike kidogo. Nikamwambia akitaka kiwanja chake kigeuke moshi, amrudishe. Akanywea. Sichoki mimi. Wanaochoka ni wanaojihurumia.

Jumamosi, 8 Machi

Chumbani. Mlango nimeufunga.

Hesabu ilifika kumi na moja, nzuri kuliko zote wiki hii. Kasha likaisha kabla sijamwita shemeji. Mgawaji akabadilishwa, akaja dada mmoja mwenye kucha fupi, akazichanganya karata zote upya. Nilimwona! Nilikuwa namtazama mikono! Na ile kumi na moja ikabaki kichwani imekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Karata zikichanganywa unaanza na sifuri. Ndilo somo la kwanza kabisa. Mdogo wangu, na homa zake za mtoto, hajalikosea hata siku moja.

Nikashika nywele. Shemeji akaja.

Akaweka nyingi, zikaenda. Akaweka zaidi, ananitazama usoni. Zilipokwenda na hizo ndipo nikashtuka — hesabu hii ni ya kasha lililokwisha! Mkono ukapanda wenyewe. Ukafika shingoni. Hereni ilikuwa hapo hapo, kidole kimoja tu. Nikamwona mdogo wangu chooni na maji yakimchuruzika kidevuni. Nikajikuna shingo, nikaushusha mkono.

Akaendelea kuweka. Nusu ya kiwanja imekwenda. Ningegusa, ingebaki karibu yote.

Njiani yeye ndiye aliyenibembeleza mimi. Bahati mbaya tu, shemeji. Wewe hukosei. Kesho anarudi na nusu iliyobaki, maadamu ni mimi ninayehesabu. Nimeitikia!

Nyumbani akamsimulia mkewe kila kitu, hata kucha za mgawaji. Mdogo wangu akamuuliza, karata zilichanganywa lini?

"Wakati nakuja mezani," shemeji akasema. "Ndiyo kwanza alikuwa anazirudisha kwenye kasha."

Mdogo wangu akanigeukia. "Na hesabu ilikuwa ngapi, dada?"

Nikasema kumi na moja. Sijui kwa nini sikudanganya. Nimechoka. Basi, nimeandika — nimechoka.

Akampokea mumewe mtoto, akambusu utosini, akamrudishia. Nikaingia chumbani nikijifanya kichwa kinauma.

Sasa radio ya sebuleni imepandishwa hadi mwisho. Jirani anagonga ukuta. Namsikia mdogo wangu akimwambia mumewe avute kiti, leo atafundishwa jinsi hesabu inavyoanza. Kisha ananiita, sauti tamu kabisa, sijaisikia tangu tukiwa wadogo:

"Dada, njoo tufanye mazoezi kidogo kabla ya kesho. Vaa na hereni zako. Karata nimeshazichanganya."

Nimezivua hereni. Nimezivaa tena. Sasa anagonga mlango.