Pindo Kavu la Kitenge

Riziki, binti yangu, mama yangu,

Sasa hivi wewe uko katikati ya ziwa na mimi niko ofisini, na simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka nimemchukia yule mwanamke anayejibu kwamba hupatikani. Najua kati ya hapa Baraka na Mboko, kituo chenu cha kwanza, kuna mahali mtandao unapotea. Najua kila anayesafiri kwa boti hunyamaza hapo. Miaka yote hii ndiyo maneno ninayowaambia wenye ndugu zao majini: tulieni, ni mtandao tu. Leo mtu akiniambia hivyo nitamfukuza.

Nakuandikia kwa sababu mikono hii nisipoipa kazi itaniumbua mbele ya watu walioko nje.

Unakumbuka siku uliyoniuliza serikali iko wapi? Ulikuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi. Mwalimu alikuwa amewafundisha wizara moja moja, ya elimu, ya afya, ya uchukuzi, nawe ukanifuata ufukweni ukiwa bado na sare. Mimi nilikuwa nimesimama majini nikipaka upya ule mstari mweupe ubavuni mwa boti.

"Mama, mwalimu anasema we unatumikaka kwa wizara ya uchukuzi. Iko wapi?"

Nikakuonyesha mstari. "Ni hii."

"Hii ni rangi!"

"Ni rangi. Lakini maji ikipita hapa, batu banakufa."

Uliposikia watu wanakufa, uliacha kucheka. Ulikuwa mtoto wa kusikiliza, Riziki, na nilijuta kukuambia vile, maana baba yako alipotea na boti ambayo hakuna mtu aliyeipima, na wewe hilo ulikuwa umeshaambiwa na watoto wa jirani kabla yangu. Ulikuwa hujaanza hata kutambaa alipoondoka. Ndiyo sababu niliiomba kazi hii, ingawa wakubwa hawakuamini mwanamke angedumu nayo.

Wizara yenyewe iko Kinshasa na sijawahi kuiona. Kule wanaandika sheria, wanatuletea muhuri na daftari, wanashughulika na barabara na madaraja, na daraja likikatika kwa mvua kama lilivyokatika mwezi huu, tunawaandikia na tunangoja. Lakini hapa ufukweni wizara ni mimi, fimbo yangu ya kupimia na mstari ule. Kazi yake ni moja tu. Boti ikizidiwa, awepo mtu wa kusema hapana, na hapana yake iwe na muhuri.

Na wewe unajua jinsi hapana hiyo inavyopatikana. Boti iliyoegemeza pua mchangani inadanganya. Mchanga unaibeba sehemu ya mzigo, na mstari unakaa juu ya maji vizuri kabisa, safi, wa kupendeza. Lazima isukumwe kwanza mpaka ielee yenyewe, ndipo mtu aingie majini hadi magotini ausome mstari. Makapiteni hawapendi. Wakiisukuma na ikaonekana imezidi, wairudishe tena nchi kavu, wapunguze magunia, abiria wapige kelele. Kwa hiyo kila asubuhi ni mimi na neno langu moja, sukumeni, sukumeni, mpaka wabeba mizigo wakanibatiza Mama Sukuma. Ulikuwa ukiwaigiza nyumbani. Ulikuwa unafunga kitambaa kichwani, unashika mwiko wa ugali, unaniamuru mimi nisukume sufuria.

Baadaye, ulipokuwa mwaka wa mwisho sekondari, ulinisaidia kuandika daftari la ofisi. Lilikuwa na jina la boti, kapiteni, mzigo, abiria, inakokwenda. Ukachukua rula na kalamu nyekundu, ukapiga mstari wa safu moja zaidi pembeni, juu yake ukaandika: Inaelea? Ukaniambia, "Mama, siku moja utachoka. Daftari itakukumbusha." Nilikucheka. Mimi nichoke? Mimi nisahau?

Sasa nikueleze asubuhi ya leo kama mimi nilivyoiona, maana wewe uliiona kwa upande wako.

Niliamka na furaha. Binti yangu anakwenda Uvira kusomea uuguzi. Nilitoa kile kitenge cha samawati ambacho hakijawahi kufika ufukweni, nikavaa, ukapiga mluzi ukasema, "Mama, leo usiingie mu maji, hii kitenge itaharibika." Tukacheka tukashuka pamoja. Boti ilikuwa pale imejaa, magunia ya unga wa muhogo, samaki wadogo wa ndagala, watu kutoka mbali, Lubondja na Kilembwe, ambao barabara imewashinda. Ukataka tupigwe picha. Shangazi yako akatupiga picha mbele ya boti, na mimi nimekushika mkono, na kapiteni ananyoosha karatasi ya kugongwa muhuri juu ya kichwa cha mtu, na kila mtu anasema mwachieni mama amuage mtoto wake. Nikaangalia mstari. Ulikuwa juu ya maji. Nikauona kwa macho yangu, juu, mweupe.

Wewe ukaniangalia. Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, habasukume boti kwanza?"

Nikasema, "Iko sawa, mama yangu. Panda."

Nikagonga muhuri juu ya goti langu. Kisha nikageuka nifute machozi, na nilipogeuka tena mlikuwa mmeshafika mbali, na nilikuwa napunga mkono tu.

Nilirudi ofisini, nikafungua daftari. Jina la boti, kapiteni, mzigo, abiria, Uvira. Nikafika kwenye safu yako nyekundu. Inaelea? Mkono wangu ukaandika Ndiyo, kwa mazoea. Halafu nikavuta kiti, nikainama nikamue pindo la kitenge, kama ninavyofanya kila asubuhi kabla ya kukaa.

Kilikuwa kikavu, Riziki. Chote, mpaka ukingoni. Viatu vyangu vilikuwa vikavu.

Niliikumbuka pua ya boti ilivyokuwa imelala mchangani wakati tunapigwa picha. Nikakumbuka swali lako, na jibu langu.

Na sasa nifike pale ninapoona haya zaidi. Mboko kuna Papa Assani, mwenzangu wa kazi, mwenye muhuri kama wangu, na kila boti ya Uvira inasimama kwake kuchukua watu. Ningempigia wakati uleule. Sikumpigia. Nilikaa na simu mkononi saa nzima nikifikiri atasema nini, na wakubwa watasema nini, na wenye boti niliowakatalia miaka yote watacheka namna gani. Nilijiambia labda mzigo haukuzidi. Nilijiambia ziwa leo limetulia. Nilitoka nje kuliangalia, na kweli lilikuwa limetulia, na baba yako pia aliondoka ziwa likiwa limetulia. Wewe uko kwenye maji na mimi nalinda jina langu. Sikujua kwamba ninaweza kuwa mtu wa namna hiyo. Hilo nalo limenitisha.

Nilipompigia nililiita jina lake mara mbili bila salamu. Akadhani kuna msiba.

"Mama Riziki, ni nini? Nani amekufa?"

"Bado. Papa Assani, ile boti ya asubuhi, usiiache ipite. Niliipima ikiwa kwa muchanga."

"Kwa muchanga? We? We mwenye unatufundishaka?"

"Ni mi. Mutoto wangu iko ndani."

"Ikifika nitaisukumisha mi mwenyewe," akasema, akakata simu.

Ikifika. Tangu hapo ninaandika. Karatasi hii imejaa upande mmoja, nimegeuza. Nje kuna boti ya pili imeshapakiwa, kapiteni wake amegonga mlango mara mbili, na nimemwambia angoje. Upepo umeanza kuinua mapazia ya ofisi. Siyo upepo mkubwa. Lakini kwa boti iliyozama kupita mstari, hata wimbi la kitoto linaingia ndani, na watu wakiliogopa wanahamia upande mmoja, wote kwa pamoja. Sitaki kuandika yanayofuata. Unajua kuogelea? Nimejiuliza hilo na sijui. Nimekulea ukingoni mwa ziwa na sijui kama mtoto wangu anajua kuogelea, kwa sababu nilikukataza kuingia.

Nimepiga tena. Hupatikani.

Mungu wangu, nirudishie huyu tu.

Riziki, nimeacha kuandika kwa muda, kalamu ilianguka. Papa Assani amepiga. Mmefika. Mmefika Mboko. Amewaita watu wake wakaisukuma boti hadi ikaelea, ameingia majini mwenyewe, na mstari hakuuona. Aliutafuta kwa mkono, akaukuta chini ya maji, kina cha kiganja kizima. Wanashusha magunia na nusu ya abiria, na abiria wananitukana kwa jina. Nasikia kelele zao nyuma ya sauti yake na sijawahi kusikia matusi matamu kama hayo.

Kisha akakupa simu.

"Mama, usilie."

"Silie."

"Mama, mi niliona. Tulipotoka tu niliona mustari imezama. Ile njia yote nilikuwa naiangalia."

"Na ulinyamaza?"

"Bote balijua ni we uligonga muhuri. Niliogopa kukupatisha haya mbele ya batu."

Simu ikakatika, au mimi niliikata, sijui. Kwa muda wa saa tatu ulikaa juu ya maji ukiangalia mstari uliozama, na ukafunga mdomo kwa ajili ya jina langu. Kwa saa nzima na mimi nilifanya hivyohivyo hapa. Tumefanana vibaya, mwanangu. Nilikufundisha kusoma boti na sikukufundisha kwamba neno langu linaweza kukataliwa.

Bado naogopa. Kutoka Mboko hadi Uvira ni safari nyingine na upepo haujalala. Barua hii nitaibandika mlangoni mwa ofisi, chini ya tangazo la wizara, watu waisome wakati wewe unasafiri, na nakala nitaipeleka kwa mkubwa wangu kabla hajaipata kwa wengine. Wakininyang'anya muhuri, wanyang'anye. Katika daftari nimefuta Ndiyo, nimeandika Hapana, na jina langu kando.

Kapiteni wa boti ya pili amegonga tena. Natoka. Nimemsikia akiwaambia watu wake, mama leo amevaa vizuri, hataingia. Naingia.

Ukifika, nipigie hata kama ni kwa simu ya mtu. Na siku nyingine ukiona boti iko mchangani, piga kelele, Riziki. Nitukane mbele ya Baraka nzima.

Ni mimi mama yako, nimetoka majini sasa hivi, na kitenge kimelowa.