Chura wa Baba

5 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila kifua kinamsumbua Mama kidogo. Wewe na makumbusho yako mnaendeleaje?

Kaka, nimempata! Yule chura wa tumbo la manjano ambaye Baba alimtafuta miaka kumi na moja, na sisi tukamwona mwehu. Walikuwa watatu chini ya gogo bovu, juu ya yale maporomoko yaliyomuua Baba. Nimewatia kwenye spiriti, kila mmoja na karatasi yake mguuni, na nimekutumia. Uliapa kaburini kuwa ataitwa kwa jina la Baba. Mama keshawatangazia majirani, nimeshindwa kumnyamazisha.

Mdogo wako

29 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, kazi tu zimenibana. Mpe Mama maji ya moto.

Profesa, mkubwa wetu hapa makumbusho, alipowaona nusura aruke dirishani kwa furaha. Hakuna kitabu kinachomjua chura huyu! Ila watatu hawatoshi, tena wote madume. Leta kumi na tano, na majike wenye mayai. Usinipe habari za mvua na utelezi, umekulia huko. Ukitaka jina la Baba, chakarika.

Kaka yako

17 Juni

Kaka,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi nimekaa msituni wiki saba, nimepekua kila gogo, mpaka nyoka akaniuma mkono wa kushoto. Daktari amekata vidole viwili. Nimekutumia kumi na wanne. Kijito kizima kimenyamaza, Kaka, na roho inaniuma kuliko mkono. Mama haulizi vidole, anauliza jina.

Mdogo wako

8 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole. Bahati ni mkono wa kushoto, au sio?

Chura ametangazwa dunia nzima. Ameitwa kwa jina la mke wa Profesa, na wewe umetajwa kama mwongoza njia. Usinune. Mwakani Profesa anastaafu na kiti chake nakitaka mimi; mkono mtupu haulambwi. Mama hajui kusoma, mwambie ni jina la Baba, nani atamwambia vingine? Sasa wanataka picha ya aliye hai. Nakujua, hukosi kubakiza mmoja. Mlete upesi.

Kaka yako

21 Oktoba

Bwana wa makumbusho,

Leo sikuamkii. Kweli nilibakiza wawili, dume na jike. Niliwafuga chunguni, nikingoja mvua niwarudishe kijitoni wazaane. Mama ndiye aliyekuwa akiwakamatia wadudu.

Nilimsomea barua yako yote, hata pale uliposema hajui kusoma. Alikibeba chungu mpaka uani, akakipindua katikati ya kuku. Nilikimbia, nikapiga kelele, wapi! Jike aliliwa wa mwisho, na kuku mwekundu. Ndio basi, hakuna mwingine.

Mama anasema yeye ana mtoto mmoja. Na picha, njoo umpige kuku yule mwekundu.

Mwongoza njia