Marisaa Huchoka Njiani

Laini ya Juu, upande wa Kiptere
8 Julai 1934

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Karachuonyo, wewe na wote wanaokaa chini ya mkono wako. Goti lako linaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua niliyokupelekea ilikusaidia, au uliigawa kwa majirani kama kawaida yako? Sisi huku hatujambo. Mvua hainyeshi, inamwagika. Syprose ni mzima, na Yunia ameota meno mawili. Anauma kila kitu kinachomkaribia, hata kofia yangu ya kazi ameionja.

Obiero ndugu yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, nakujua. Usirukie mwisho. Soma mstari kwa mstari, na umgeuzie kwa Kijaluo bila kupunguza neno. Najua mtauliza kwa nini Joab ameandika Kiswahili kwa mama yake mzazi, kwani amekuwa Mzungu? Nina sababu, nayo mtaiona.

Mama, barua yako ya wiki jana niliipata. Umesema nimlete Syprose na mtoto nyumbani upesi, wasilale tena mahali ambapo Mkisii mlevi anacheza na bunduki. Umesema pia kwamba barua yangu ilisomwa mbele ya akina mama wa kanisa, wakamwombea Syprose, na wengine wakamlaani huyo Kebaso kwa jina. Niliposoma hapo nilikaa chini juu ya gunia la chumvi. Ile barua yangu niliiandika kwa haraka, tena ilikuwa fupi. Leo ni Jumapili, nina wino wa kutosha, na ninataka umjue Kebaso ni mtu gani.

Kwanza, hajaonja pombe tangu nimjue. Ni mzee wa makamo, mrefu, sikio la kushoto halisikii vizuri kwa sababu ya mizinga ya vita vya Mjerumani. Alipigana huko Tanganyika miaka mitatu, na huko ndiko alikojifunza kusoma Kiswahili. Hapendi kusimulia vita. Ukimuuliza, anakuuliza kama mahindi yako yamepaliliwa.

Habari yenyewe ni ya mahindi. Meneja ametugawia sisi wafanyakazi vishamba bondeni, chini ya mashamba ya chai, karibu na mto. Mwaka jana nyani walikula nusu na nguruwe mwitu wakamaliza nusu iliyobaki. Watu walilia hadi ofisini. Basi mwezi wa Machi meneja akaweka bunduki tatu juu ya meza nyuma ya ofisi, akaita manyapara wote, akamwita na Kebaso ambaye wakati huo alikuwa analima tu, akauliza ipi itafaa kwa kulinda mahindi. Mimi nilikuwepo kama karani, na kitabu changu, maana funguo za stoo ni zangu, na risasi zote hupita mkononi mwangu.

Manyapara wote walinyoosha kidole kwenye ile kubwa ya kijeshi. Hata mimi. Kebaso aliomba magunia matatu ya udongo wenye maji, yapangwe moja nyuma ya jingine mbele ya ukingo wa udongo, na watu wote warudi nyuma. Akaipiga ile kubwa. Mama wee! Risasi ilipita magunia yote matatu kama hayakuwepo, ikazama ukingoni tusiione tena. Akamwambia meneja kwa upole kwamba nyani si magunia matatu, na nyuma ya nyani huku hakuna ukingo kila mahali, kuna laini, nyumba za wafanyakazi, na kuna watoto.

Meneja akamsogezea ile ndogo, ambayo risasi yake haizidi punje ya mahindi, akacheka kwamba basi achukue kitoto. Kebaso hakucheka. Alisema hiyo ndiyo inayodanganya watu wengi. Ni ndogo, lakini ikikosa udongo wa kuizuia inaruka kutoka pale hadi kiwanda cha chai na kukipita, na bado inaua. Tena nyani dume akipigwa nayo hafi. Anakimbia na kidonda, na siku ya pili anarudi na hasira kwa wanawake shambani. Akasema ataitumia kwa nungunungu peke yake, tena kwa karibu.

Ya tatu ilikuwa ya mitutu miwili, ya marisaa, zile chembe nyingi za risasi zinazotoka kwa pamoja. Alipiga, marisaa yakatawanyika yakabaki ndani ya gunia la kwanza. Akatundika shuka kuukuu, akahesabu hatua, akapiga tena kutoka mbali, akatuonyesha jinsi yalivyoachana na jinsi mengine yalivyoanguka tu chini. Akasema marisaa huchoka njiani, na mahali penye watu yeye anataka risasi inayochoka. Lakini alikataa yale madogo ya ndege, akasema hayo ni kumtesa mnyama tu. Akachagua ya ukubwa wa kati, ya kumwangusha nyani pale pale. Meneja wetu hamsikilizi mtu yeyote, Mama, hata mkewe. Siku ile alisikiliza.

Ungeona kazi aliyofanya baadaye ungempenda. Hakuanza na bunduki, alianza na jembe. Alijenga dungu refu la miti katikati ya mashamba, na upande wa mto akarundika udongo kuwa ukingo mpana wa hatua mbili, ili kila anapopiga awe anapiga kutoka juu kwenda chini, na kinachokosa nyani kiingie ardhini. Alitundika kipande cha reli kwenye mti. Reli ikilia, kila mtu atoke bondeni, na kabla hajahakikisha kwa macho yake hapandi. Watu wakamcheka. Wakasema Mkisii ana marisaa yanayochoka, ya nini tena kujenga ukuta kama anapigana na Mjerumani? Aliwajibu kwamba hajawahi kuona risasi iliyosoma maandishi ya sanduku lake. Hata mimi nilicheka. Mwezi wa Mei hakuna aliyepoteza hata shina moja la mahindi.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, saa nne ya asubuhi, tarehe kumi na nne mwezi uliopita. Nyani walishuka kutoka msituni. Reli ikapigwa, wanawake wakapanda juu, Kebaso akatazama pande zote, hakuona mtu. Kumbe Syprose alikuwa nyuma ya ule ukingo, kwenye maji kabisa, ameinama anachuma mboga, mtoto mgongoni. Mto ulikuwa umejaa na kelele zake zilimeza reli. Nyani dume akakaa chini ya ukingo na hindi mkononi. Kebaso akapiga.

Bunduki ilimsukuma bega kuliko siku zote, na udongo ukaruka mahali pamoja tu. Alijua mara hiyo hiyo. Alishuka, akazunguka ukingo, akamkuta Syprose ameketi kwenye matope, nywele zimejaa udongo, Yunia analia. Hawakuguswa. Kebaso hakutetemeka. Alimbeba mtoto mwenyewe hadi juu, akamkabidhi kwa mke wake Bosibori, kisha akarudi na panga na kuchimba ule ukingo. Mkono ulizama hadi kwenye kiwiko ndipo alipotoa kipande kimoja kizima cha risasi. Hayakuwa marisaa. Ilikuwa ile tunayoiita risasi ya chui, inayoingia mtutu ule ule, ambayo meneja huiweka kwa ajili yake mwenyewe, na haichoki njiani. Kama angekuwa amesimama chini na kupiga sawasawa na mahindi, bila ukingo, kama walinzi wa mashamba mengine wanavyofanya, leo ungekuwa unapanda maua juu ya kaburi la mkaza mwanao.

Meneja aliuliza nani alitoa risasi ya chui. Kebaso alinitazama. Mimi nikafungua kitabu nikaonyesha kwamba nilitoa marisaa, nikasema labda mzee mwenyewe alijichukulia kutoka sanduku lingine nilipokuwa nimegeuka. Meneja akamnyang'anya bunduki, akampa mpaka mwisho wa Julai awe ametoka katika nyumba ya laini yeye na Bosibori na watoto wao watano. Jioni ile nikakuandikia ile barua. Niliandika mlevi kwa sababu neno lilikuja lenyewe, na kwa sababu nilijua kwetu ukisema Mkisii mlevi hakuna atakayeuliza la pili.

Obiero, hapa soma polepole.

Mama, ni mimi. Mwezi wa Mei paa la stoo lilivuja juu ya masanduku ya risasi, na mimi nilikuwa nimeliona tundu wiki mbili nikajiambia kesho. Maganda yake ni ya karatasi ngumu; yalilowa, yakavimba, hayangeingia tena kwenye mtutu. Niliogopa kupoteza ukarani. Basi Jumapili moja, kiwanda kimelala, nikapanda nazo orofani tunakonyausha majani ya chai, nikazitandaza kwenye nyavu kama ni chai, marisaa huku na risasi za chui kule. Akili gani hiyo? Nilijua kukausha chai, nikadhani kila kilicholowa ni chai. Zilikauka vizuri sana. Lakini vile vifuniko vya juu vyenye namba ya kuonyesha aina vilibanduka vyote, na upepo wa pale juu ukatikisa nyavu, zikabingirika na kuchanganyika. Nikazipima kwa kiganja, hii nzito, hii nyepesi, nikabandika vifuniko vipya na kuandika namba kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mwandiko ule mzuri unaousifia kanisani. Sikumwambia mtu. Kebaso husoma kila risasi kabla hajaiingiza. Siku ile aliisoma. Aliamini mwandiko wangu.

Ni mkono wangu uliowapigia risasi mke wangu na mtoto wangu, halafu nikamsingizia yule ambaye ukingo wake uliwaokoa. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyo.

Syprose alipeleka mboga kwa Bosibori kila siku. Jumatano iliyopita Kebaso aliingia stoo. Nilidhani amekuja kunipiga, na ningemshukuru. Aliweka kile kipande cha risasi juu ya meza yangu. Hakuuliza habari ya kazi yake wala ya nyumba yake. Aliuliza tu kama zimebaki nyingine zilizoandikwa na mkono ule, kwa sababu atakayepewa bunduki baada yake hataujua ukingo, na watoto bado wanapita bondeni. Loo, Mama! Nililia mbele yake kama Yunia. Nilimwambia yote, kiwanda, nyavu, vifuniko. Akaniambia amejua tangu siku ile, maana ganda la ile risasi lilinukia chai. Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akasema neno lake dhidi ya karani lingekuwa neno tu, na kusema lilikuwa jukumu langu. Kisha tukakaa pale pamoja, tukazipasua zote zilizobaki, moja moja, tukamwaga baruti kwenye maji.

Jana asubuhi nilienda ofisini na kile kipande mkononi. Meneja alinifokea hadi mate yakanifikia, na alikuwa na haki. Alichukua funguo. Kebaso aliitwa, akarudishiwa bunduki yake na nyumba yake. Mimi nilikuwa nifukuzwe leo hii. Kebaso ndiye aliyeomba nibaki chini yake, akasema anahitaji mtu wa kupiga reli na kushuka hadi mtoni kuhakikisha hakuna aliyeinama huko, na kwamba hakuna mtu katika shamba hili atakayeshuka kwa moyo zaidi yangu. Naanza kesho.

Kwa hiyo Syprose haji nyumbani, Mama. Amekataa mwenyewe. Anasema yuko mahali penye mlinzi.

Najua wanakuita mama karani, na najua jinsi unavyolipenda jina hilo. Nimekunyang'anya, unisamehe. Lakini nakuomba barua hii isomwe mbele ya akina mama wale wale, siku ya Jumapili kama ile ya kwanza, na wale waliomlaani Kebaso kwa jina wamwombee kwa jina. Ndiyo sababu nimeandika Kiswahili: niliahidi kwamba ataisoma yeye kabla sijaifunga.

Ameisoma sasa hivi, hapa mlangoni, polepole, kidole chini ya kila neno. Amenirudishia akasema ni nzuri, ila kuna uongo mmoja bado umebaki. Nilisema hakutetemeka. Anasema alitetemeka, alitetemeka hadi aliogopa kumwangusha mtoto, na niwaambie hivyo.

Wasalimie wote hapo, na jirani yetu Beldina, na Obiero akimaliza kusoma ale vizuri. Syprose anakusalimu, Yunia anakusalimu na meno yake mawili. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana wakati wa mavuno.

Ni mimi mwanao,
Joab Ogola,
mpiga reli wa Bwana Kebaso