Bangili ya Juu ya Kiwiko

Mjukuu wangu Neema,

Huku kijijini Mpemba hatujambo, babu yako bado anabishana na mbuzi. Unauliza tulijuaje kama mgonjwa mahututi amedhoofu, naye hawezi kusimama kwenye mizani.

Nilipokuwa mwanafunzi wa uuguzi, enzi za Mwingereza, aliletwa mwanamke kutoka kijiji cha Ruanda. Uso na miguu vilikuwa vimejaa, nikaandika kwenye karatasi yake: amenenepa.

Mama yake mgonjwa akaniambia, "Mwanangu, hayo ni maji. Tazama mkono."

Akaisukuma bangili ya shaba aliyovaa binti yake juu ya kiwiko, ikapanda hadi kwapani bila kukwama. Nikalifuta neno langu. Tukamlisha uji wa ulezi, kijiko kwa kijiko, wiki nyingi.

Siku ya kuondoka mama aliisukuma tena. Ikagoma.

"Sasa andika," akaniambia.

Bibi yako